Simba alilinda dagaa, akalishwa pumba: Chakula bora cha mbwa kwa bei unayoimudu

Kwa miaka minne Simba alilala mlangoni mwa stoo katika nyumba moja ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ndani ya stoo kulikuwa na magunia ya dagaa ambao mama mwenye nyumba huwanunua mwalo wa Katonga na kuwauza rejareja. Hakuna mwizi aliyewahi kufika kwenye kufuli la stoo hiyo. Na katika miaka hiyo yote, mama huyo anakiri, mbwa wake hakuonja dagaa isipokuwa wale waliomwagika. Chakula chake kilikuwa uji wa pumba za mahindi, asubuhi na jioni, na makombo ya mchuzi siku za wageni.

Mwishoni mwa msimu wa mvua Simba aliacha kula. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu fizi zake na weupe wa macho vikawa vya njano, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ofisa mifugo aliyeitwa alimfungua mdomo, akatazama, kisha akaomba kuona chakula chake. Akaingiza mkono hadi chini ya ndoo ya pumba na kutoa donge la kijani lenye harufu ya uvundo. Hakuna kipimo cha maabara kilichofanyika, lakini alichokishuku alikisema hapo hapo: sumukuvu. Simba alikufa usiku ule.

Kilichomnyima mama huyo usingizi hakikuwa kifo cha mbwa peke yake. Pumba zile zilitoka mashineni pamoja na sembe, na sembe hiyo ndiyo iliyokuwa ikipikwa ugali wa watoto wake watatu.

Sumu iliyojificha kwenye pumba

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ukungu unaweza kuuona au kuunusa. Sumu yenyewe haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Kuchemsha uji wa pumba zilizovunda kwa saa nzima hakumsaidii mbwa.

Ukungu hushambulia zaidi ganda na kiini cha punje. Mahindi yakikobolewa, sehemu hizo huondoka na pumba, na sehemu kubwa ya sumu huondoka nazo. Kwa hiyo nyumba inayokula sembe na kumpa mbwa pumba inamlisha mbwa sehemu iliyo chafu zaidi ya gunia. Ndiyo maana mbwa anaweza kuanguka wakati watoto bado wanacheza uani.

Hiyo haina maana kwamba watoto wamepona. Sumu hii ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na huongeza hatari ya saratani ya ini, na watafiti wameihusisha na kudumaa kwa watoto. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuua watu wapatao 20. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa haraka. Mwaka 1952 mbwa wengi walikufa kwa ugonjwa wa ini kusini mashariki mwa Marekani, na madaktari wa mifugo hawakuujua chanzo chake. Miaka ilipita kabla haijafahamika kwamba ilikuwa sumu ya ukungu kwenye chakula chao. Na si historia tu. Mwishoni mwa mwaka 2020 chakula cha mbwa cha mifuko kiliondolewa madukani huko huko Marekani baada ya kukutwa na sumukuvu, na hadi Januari 2021 vilikuwa vimeripotiwa vifo vya mbwa zaidi ya 110. Kwa hiyo hata mfuko wenye picha nzuri hauna kinga dhidi ya mahindi mabovu.

Familia ya Rusimbi ilimwaga gunia chini na kuchambua. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu zikatengwa na kufukiwa. Hazikupewa kuku, na hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu kuku naye hudhurika.

Kipo kipimo cha nyumbani cha kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha, na hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na kiganja cha mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yanahitaji jua. Ikianguka chini yote, yanaweza kuwekwa ghalani. Gunia likae juu ya mbao au chaga, mbali na ukuta, hasa katika nyumba za Kigoma ambako sakafu hutoa jasho msimu wa mvua. Pumba ndizo zinazovunda haraka zaidi, na ndoo yenye mfuniko uliobana huzivundisha haraka kuliko gunia linalopitisha hewa.

Mbwa si mbuzi

Tuseme pumba ni safi kabisa, hazina hata chembe ya ukungu. Bado si chakula cha mbwa. Sehemu kubwa ya pumba ni makapi ambayo tumbo la mbwa haliwezi kuyameng'enya. Tumbo linajaa, mbwa analala, kesho yake anatoa kinyesi kingi, na mbavu zinaendelea kuhesabika.

Ugali ni jambo jingine. Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka na mwili wake umezoea wanga uliopikwa. Tatizo linakuja pale ugali unapokuwa chakula pekee. Viwango vya AAFCO, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya chakula cha mifugo, vinataka chakula kikavu cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mtoto wa mbwa au jike anayenyonyesha asilimia 22.5. Unga wa mahindi una asilimia 8 hadi 9 hivi. Unga wa muhogo, ambao ndio ugali wa nyumba nyingi za Kigoma, haufiki hata asilimia 3.

Dagaa waliokaushwa wana protini takriban asilimia 60.

Zaidi ya hapo, dagaa huliwa mzima, kichwa na miba yake, kwa hiyo humpa mbwa madini ya kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Mkoa huu basi una bahati ambayo wenyewe hawaioni. Mtu wa mji wa mbali na maji hulazimika kutafuta nyama, mifupa ya kusaga na virutubisho vya dukani ili apate kile ambacho Rusimbi hupitishwa mlangoni kwa beseni. Mafuta nayo yapo: mawese. Rangi yake nyekundu inatokana na karotini, na mwili wa mbwa, tofauti na wa paka, unaweza kuigeuza kuwa vitamini A.

Hesabu ya sufuria moja

Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anayelinda usiku anahitaji nishati ya takriban kilokalori 900 kwa siku. Anaweza kuipata hivi: unga wa dona gramu 150, dagaa wakavu gramu 60, na kijiko kimoja cha chakula cha mawese. Mchanganyiko huo una protini zaidi ya asilimia 20. Kama unga ni wa muhogo, dagaa wafike gramu 80, kwa sababu muhogo hauchangii karibu chochote upande wa protini.

Kwa mwezi hiyo ni kilo 4 na nusu za unga, dagaa kilo moja na gramu 800, na mawese yasiyofika nusu lita. Kila mzazi anaijua bei ya soko lake, azidishe mwenyewe. Mama wa Rusimbi alipopiga hesabu kwa bei anayonunulia Katonga alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kinachobaki chini ya magunia yake kila mwezi, vichwa na dagaa waliovunjika ambao wateja hawawataki, kinakaribia kiasi hicho.

Mbwa mdogo wa kilo 10 atakula kama robo tatu ya kipimo hicho. Wa kilo 20 ataongezewa robo. Mbwa mkubwa wa kilo 30 hahitaji mara mbili yake, kwa kuwa mahitaji hayapandi sawasawa na uzito. Kupima mbwa si kazi ngumu: kwa mfanyabiashara wa dagaa, mizani ya kuning'iniza na gunia safi vinatosha. Asiye na mizani atumie mkono. Mbavu zinapaswa kuguswa kwa urahisi bila kuonekana kutoka ng'ambo ya ua. Zikionekana, ongeza chakula, zisipoguswa, punguza. Gramu nazo pima mara moja tu, kwenye mizani ya duka, kisha weka alama kwenye kopo la kutumia kila siku.

Upishi wake ni wa kawaida. Dagaa wachekechwe na kuoshwa kwanza, kwa sababu walioanikwa mchangani hubeba mchanga mwingi, na mchanga huchosha utumbo na kusaga meno. Wachemshwe dakika chache, unga utiwe hadi uwe ugali laini, mawese mwishoni. Upoe ndipo apewe, nusu asubuhi na nusu jioni, na maji safi wakati wote. Mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha ini lililochemshwa chenye ukubwa wa nusu kiganja, na majani ya maboga au karoti iliyopikwa. Ini lisizidi hapo, maana vitamini A ikizidi nayo ni sumu. Chakula hiki hakijapimwa kirutubisho kwa kirutubisho kama cha kiwandani, lakini kiko mbali sana na uji wa pumba.

Chumvi na vitunguu havihitajiki. Hapa ndipo makombo ya mchuzi yanapoleta shida. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kijiko kimoja cha mchuzi hakimuui mbwa wa kilo 15, lakini mwenye kupewa masalia ya rosti kila siku anajazwa taratibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na mwiba wa mgebuka unaweza kumkwama kooni kama unavyomkwama mtu. Samaki wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe, au wasitumike kabisa. Chokoleti, pombe na zabibu zisifike kwenye bakuli lake.

Dagaa wa bei ya chini wanaouzwa kwa ajili ya kuku wanaweza kufaa, lakini uwanuse kwanza. Wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, wenye ukungu, au wanaonukia dawa ya kuua wadudu waachwe. Bei nayo hufuata mwezi: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi mavuno hupungua na bei hupanda. Anayenunua wakati wa giza na kuhifadhi mahali pakavu hulipa kidogo. Dagaa wa kwenye chanja hugharimu zaidi kuliko wa mchangani, ila ukipima mchanga unaobaki kwenye chekeche unaweza kushangaa ni yupi hasa aliye wa bei nafuu.

Mtoto kwanza

Kuna mzazi anayesoma hapa na kujiuliza kama si dhambi kumpa mbwa dagaa wakati mtoto wa jirani anakula ugali kwa chumvi. Swali lina haki yake. Protini ya mtoto hutangulia, na hakuna mtaalamu wa afya atakayesema vinginevyo. Vichwa, vumbi na dagaa waliovunjika huweza kumtosha mbwa bila kugusa sahani ya mtu. Lakini nyumba isiyoweza hata hilo inapaswa kujiuliza kama inaweza kufuga mbwa, au kama inaweza kufuga watatu. Mbwa mmoja aliyeshiba hulinda vizuri kuliko watatu wanaozurura kwenye majalala ya Mwanga kutafuta riziki. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama ampe chakula na maji. Mbwa si mnyama wa kufungwa mnyororo na kuachwa ajitafutie.

Ziwa linapofungwa

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kwa anayetegemea dagaa, kipindi kama hicho kinahitaji kujiandaa. Dagaa waliokauka vizuri hukaa miezi wakiwekwa pakavu, na kilo 6 zinamtosha mbwa mmoja kwa siku 100.

Wasipokuwepo, machinjio yana kitu ambacho watu wengi hawakigombei: pafu. Robo kilo ya pafu la ng'ombe inakaribia protini ya gramu 60 za dagaa wakavu. Kwa kuwa pafu halina mifupa, ongeza nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yawe unga laini. Yai lenyewe ni chakula kizuri sana, na maharage yaliyoiva vizuri yanaweza kuchukua sehemu ya nafasi ya nyama, ingawa si yote.

Pafu, ini na utumbo visipewe mbwa vikiwa vibichi. Hapa jambo linahama kutoka kwa mbwa kwenda kwa watoto. Kuna aina ndogo ya tegu ambayo hatua yake ya utotoni hukaa kama vifuko vya maji kwenye ini na mapafu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu hukomaa tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto anayecheza kwenye udongo huo, au anayemkumbatia mbwa na kisha kushika mandazi, anaweza kumeza mayai. Miaka kadhaa baadaye vifuko hukua kwenye ini lake au pafu lake, na mara nyingi tiba huwa upasuaji. Ugonjwa huu unafahamika sana katika jamii za wafugaji, wakiwamo Waturkana wa Kenya na Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania. Kuchemsha kwa zaidi ya nusu saa, hadi katikati ya nyama kuiva, humaliza kisa. Kipande chenye vifuko vya maji kisitupwe kilipo mbwa; kichomwe au kifukiwe kwa kina.

Minyoo ya kawaida nayo hula chakula chako kabla mbwa hajafaidi. Mbwa mzima hupewa dawa kila baada ya miezi mitatu, mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila wiki mbili hadi afikishe wiki nane. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo ule mzani wa dagaa unahitajika tena.

Na mfuko wa dukani?

Chakula cha kiwandani hakina ubaya. Kilicho kamili kina kila kirutubisho, na kwa mtoto wa mbwa wa kizazi kikubwa au jike anayenyonyesha kinaweza kuwa chaguo zuri. Ila kabla hakijafika Kigoma, mwisho wa reli, nauli yake imeshaongezwa kwenye bei.

Anayetaka kulinganisha asitazame bei ya mfuko. Atazame bei ya siku. Mbwa wa kilo 15 hula kama gramu 250 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 10 humtosha siku 40. Gawa bei kwa 40, kisha linganisha na ile sufuria. Angalia kama maandishi yanasema ni chakula kamili au ni cha nyongeza tu, asilimia ya protini, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kama majina matatu ya mwanzo yote ni nafaka na makapi, unalipia pumba zilizovishwa rangi.

Kununua kwa kupimiwa kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa ni nafuu machoni tu. Huoni tarehe, hujui umekaa wazi muda gani, na unyevu wa msimu wa mvua ni ule ule uliovundisha ndoo ya Simba.

Bakuli lake, mahali pake

Katika nyumba nyingi za Ujiji na Rusimbi mbwa hukaa nje na haingii jikoni. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Daktari hana la kubishana hapo. Mbwa awe na sufuria yake, bakuli lake na mwiko wake, visichanganyike na vya familia, na anayemlisha anawe kwa sabuni. Mtoto mdogo asimkaribie mbwa anapokula, wala asimnyang'anye bakuli hata kwa utani. Mbwa mpole huuma pale.

Mbwa anayelishwa kwa saa maalumu hurudi nyumbani saa hiyo. Hupatikana kirahisi siku ya chanjo, na haendi kugombania mabaki na mbwa asiowajua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na wanne kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Shibe si kinga. Chanjo ndiyo kinga, ya kwanza mbwa anapofikisha miezi mitatu na kisha kila mwaka. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo.

Wiki chache baada ya Simba kuzikwa nyuma ya mgomba, familia ilipewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, uji mzito wa dona na dagaa waliotwangwa. Binti mkubwa, aliye darasa la tano, ndiye mwenye kopo la kupimia, na ameweka alama mbili za rangi ya kucha, moja ya unga na moja ya dagaa. Kila Jumamosi mtoto wa mbwa huingizwa kwenye mfuko na kuning'inizwa kwenye mizani ya biashara huku akilalamika, na kilo zake huandikwa nyuma ya daftari la madeni.

Bado hana jina. Watoto wanataka aitwe Simba. Mama hataki.